Dawa za akili: kupewa dawa na kuchunguzwa ni kazi mbili

Februari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haitawadai tena madaktari na wafamasia taarifa ya kipimo cha damu kabla ya mgonjwa kupewa klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) inayoweza kushusha chembe nyeupe za damu. Kufikia Juni mwaka huohuo, mpango mzima uliokuwa ukilazimisha jambo hilo ulikuwa umefutwa rasmi. Kwa zaidi ya miaka 30 kanuni yake ilikuwa fupi na ngumu kuliko zote katika tiba ya magonjwa ya akili: hakuna damu, hakuna dawa. Habari hiyo ikapokewa kwa namna mbili, na zote zilikuwa za haraka. Wako walioshangilia kwamba vipimo vimeondolewa, na wako waliolalamika kwamba wagonjwa wametupwa bila ulinzi. Tangazo lenyewe halikusema hivyo. Ratiba ya kupima damu ilibaki kwenye maelezo ya dawa kama ilivyokuwa: kila wiki kwa miezi 6 ya kwanza, kila wiki mbili kwa miezi 6 inayofuata, kisha kila mwezi. Kilichoondoka ni kufuli, yaani ule utaratibu wa kuizuia dawa dirishani mpaka majibu ya maabara yaonekane.

Nadhani mkanganyiko huu haukuanza na klozapini. Unatokana na mazoea ya miaka mingi ya kufunga pamoja kazi mbili zisizofanana: kumpa mgonjwa dawa yake, na kumchunguza kama dawa hiyo inamsaidia au inamuumiza. Mgonjwa husema "naenda kuchukua dawa", kliniki nayo humpangia tarehe kwa kuhesabu vidonge, na pande zote mbili huishia kuamini kwamba kikao kile cha dakika 15 au 20 kipo kwa ajili ya saini tu. Hoja yangu ni kwamba kazi hizi zitenganishwe. Dawa itoke kwa urahisi na isikatike. Uchunguzi uwe mzito kuliko ulivyo sasa, na ratiba yake ifuate aina ya dawa na hatua aliyofikia mgonjwa. Idadi ya vidonge vilivyomo kwenye pakiti isiwe kigezo.

Kabla ya klopromazini, dawa ya kutuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kupotewa na uhalisia, kuanza kutumika kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, swali la tarehe ya kurudi kliniki lilikuwa dogo sana. Mwenye ugonjwa mkali alikuwa wodini, na aliyempa dawa asubuhi alimwona tena jioni. Dawa ndizo zilizowawezesha wengi kurudi nyumbani, na kurudi huko ndiko kulikozaa kliniki ya nje kama tunavyoijua. Mtu analala kwake na kufanya shughuli zake, lakini anameza kitu kinachoweza kubadili usingizi wake, uzito wake, mapigo ya moyo na sukari ya damu. Lazima pawe na siku ya kumtazama. Siku hiyo iliunganishwa na siku ya kugawa vidonge, na sioni sababu ya kitabibu ya kuziunganisha zaidi ya kwamba ilikuwa rahisi kwa waliopanga.

Klozapini ilikuwa na sababu ya ziada. Mwaka 1975 nchini Finland wagonjwa kadhaa walioitumia walifariki baada ya chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi kuporomoka mwilini mwao, na dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Huenda ingesahaulika kama si utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1988. Miongoni mwa watu wenye skizofrenia ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini ndani ya wiki 6, ilhali waliopewa klopromazini walikuwa asilimia 4. Mwaka uliofuata FDA iliidhinisha dawa hiyo, kwa sharti la damu. Sharti lilikuwa la haki, kwa kuwa hatari ipo kweli, na ni kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo. Lakini kufuli likikaa muda mrefu bila mtu kuuliza lilifungiwa nini, huanza kumfungia nje yule lililowekwa kumlinda. Watu wengi wenye asili ya Afrika na Mashariki ya Kati huzaliwa na idadi ya chembe hizo iliyo chini ya wastani wa vitabuni, bila kuwa na ugonjwa wowote. Ilipofika 2015 ndipo maelezo ya dawa nchini Marekani yalipowawekea kiwango chao. Kabla ya hapo mtu aliweza kunyimwa dawa pekee iliyomtuliza kwa sababu tu ya damu aliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo unapokwenda kwenye miadi ya dawa za akili, unapaswa kutegemea nini? Miadi ya kwanza ni ndefu, mara nyingi inakaribia saa nzima au kuipita. Utaulizwa kuhusu ugonjwa wenyewe, dawa ulizowahi kutumia na kwa nini uliziacha, magonjwa ya moyo, ini na figo, kifafa, ujauzito au mpango wa kupata ujauzito, pombe, sigara, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua vivyo hivyo. Swali la mwisho lina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani: dawa iliyomfaa ndugu wa damu inaweza kumsaidia daktari kuchagua pa kuanzia. Hii pia ndiyo siku ya kutaja kila unachomeza, pamoja na kile unachokiona si dawa. Mmea unaoitwa St John's wort, kwa mfano, huuzwa kama tiba asilia ya huzuni, lakini ukichanganywa na dawa nyingi za sonona unaweza kuleta homa, mtetemeko na kuchanganyikiwa. Anayeficha mitishamba yake kwa kuogopa kukaripiwa anamwachia daktari hesabu yenye namba iliyokosekana.

Miadi inayofuata ni mifupi, na ndiyo inayodharauliwa. Katika kliniki inayojua kazi yake, uchunguzi huanza kabla ya swali la kwanza. Namna mgonjwa anavyoingia na kuketi, kama uso unaonyesha hisia, kama magoti hayatulii, yote hayo ni taarifa. Kisha huja mzani, kipimo cha kiuno na presha. Kwa anayetumia dawa za kutuliza saikosisi, kuna kipimo kingine kinachoweza kuonekana cha ajabu kwa asiyekijua. Mgonjwa huulizwa kama ana kitu mdomoni, huambiwa akae mikono ikining'inia, afungue kinywa, atoe ulimi. Halafu huambiwa agonganishe kidole gumba na kila kidole kingine, harakaharaka, kwa sekunde 10 hadi 15. Mgonjwa hudhani vidole vyake ndivyo vinavyotazamwa, kumbe daktari anatazama uso, mdomo na miguu yake. Akili ikishughulika na vidole, ulimi au midomo inaweza kuanza kujongea yenyewe, na mjongeo huo mdogo huenda ukawa dalili ya kwanza ya dhara linaloweza kubaki hata dawa ikiachwa. Aliye nalo mara nyingi halisikii. Hakuna duka la dawa litakaloligundua, na hakuna simu itakayolinasa ikiwa mtu ameishika karibu na paji la uso.

Maswali nayo yana uzito tofauti. "Unaendeleaje?" ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu adabu imekwisha kutuandalia jibu lake. Ndiyo maana kliniki nyingi hutumia fomu kama PHQ-9 kwa wenye sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja kwa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 27. Swali la tisa linauliza waziwazi kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na kuulizwa hivyo hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Fomu haimjui mgonjwa kuliko anavyojijua mwenyewe, lakini ina kumbukumbu. Alama zikishuka kutoka 19 hadi 9, kuna la kusimamia. Zikibaki 17 baada ya wiki 6 za dozi kamili inayomezwa ipasavyo, kuandika tena dozi ileile ni kuahirisha tiba huku sote tukijifanya tunaendelea nayo.

Muda wenyewe wa miadi una mantiki ambayo mara chache mgonjwa huelezwa. Dawa nyingi za sonona huanza na maudhi kabla ya faida: kichefuchefu, usingizi kuvurugika, kutotulia. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na uamuzi wa kweli huhitaji wiki 6 hadi 8. Wiki za mwanzo ndizo zinazotaka jicho la karibu, hasa kwa vijana. FDA iliweka onyo kali mwaka 2004 kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaoanza dawa hizi, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unataka kijana wa miaka 18 hadi 25 aonwe tena ndani ya wiki moja tangu aanze. Mgonjwa aliyekwishatulia kwa mwaka mzima na anatumia dawa isiyohitaji kipimo cha damu hana sababu ya kufika kila mwezi. Kumpangia wote wawili tarehe moja, siku 30, kwa sababu tu pakiti ina vidonge 30, ni kumnyima wa kwanza na kumsumbua wa pili.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Upande mmoja husema: aliyetulia aachwe na maisha yake, apewe dawa za miezi mitatu au sita, arudi akiona tatizo. Hoja hii ina nguvu na sipendi inavyobezwa. Kila safari ya kliniki ina gharama: siku ya kazi, nauli, foleni, na aibu ya kuonekana mahali ambapo jamii bado inapanong'oneza. Kila kizingiti cha ziada huwapunguza watu njiani, na wanaopungua si lazima wawe waliopona. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata tiba yao ipasavyo. Mfumo unaozidisha vizingiti hauna haki ya kushangaa.

Lakini hoja hiyo ina tundu mahali pamoja: "akiona tatizo". Madhara makubwa ya dawa hizi mengi hayaonekani kwa anayeyapata. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inaweza kudhoofisha tezi ya shingo na figo polepole huku mgonjwa akijisifia kwamba hajawahi kuwa vizuri kama mwaka huu. Kwa sababu hiyo damu yake hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kiwango kikilengwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita kwa wengi, na figo na tezi huangaliwa angalau kila miezi 6. Uzito na sukari hupanda kilo kwa kilo kwa mtumiaji wa olanzapini, dawa nyingine ya kutuliza saikosisi, na familia hufurahia kwamba amenawiri. Halafu kuna mabadiliko ya maisha ambayo hakuna anayeyahusisha na dawa. Mtu mwenye lithiamu ameumwa mgongo, akanunua ibuprofeni dukani, na kiwango cha lithiamu kikapanda hadi kuelekea sumu. Msichana aliyeanzishiwa valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, akiwa na miaka 15 sasa ameolewa na anatamani mtoto, na hakuna aliyemkumbusha kwamba dawa hiyo inaweza kumwumiza vibaya mtoto aliye tumboni. Mtumiaji wa klozapini ameacha sigara, habari njema kabisa, ila moshi ndio uliokuwa ukilifanya ini livunje dawa haraka. Umeondoka, na dozi ileile aliyoizoea sasa imekuwa kubwa mno kwake. Nani angerudi kliniki kusema "nina tatizo, nimeacha kuvuta"?

Kwa hiyo wanaotaka uchunguzi wa mara kwa mara wana hoja. Inapoteza nguvu pale wanapoigeuza kuwa hoja ya kuzuia dawa. Utasikia hata wataalamu wakisema: ukimpa za miezi mitatu, hutamwona tena, vidonge ndivyo vinavyomleta. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa inasemwa kwa kujiamini kuliko zote. Kwanza, adhabu yake inamwangukia asiyestahili. Anayekosa miadi mara nyingi ndiye mgonjwa zaidi, aliyesahau, aliyeogopa, aliyelala mchana kutwa kwa sababu sonona imemshika. Kumnyima dawa kwa sababu hakuja ni kuutibu ugonjwa kwa kuuongeza. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet ulikusanya majaribio 65 ya watu wenye skizofrenia: katika mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa. Pengo hilo ndilo tunalolichezea tunapoifanya dawa kuwa chambo.

Pili, mwili hausubiri tarehe mpya. Aliyekosa klozapini kwa saa 48 harudi kwenye dozi yake ya zamani. Huanza upya na miligramu 12.5 na kupanda taratibu, kwa sababu kurudi ghafla kunaweza kuangusha presha na kusimamisha moyo. Aliyekosa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa na ya kutuliza hisia, kwa siku kama 5 naye kwa kawaida huanza mwanzo, kuepuka upele unaoweza kuwa wa hatari. Kati ya dawa za sonona, venlafaksini hutoka mwilini kwa saa chache, na wengine husikia kizunguzungu na mishtuko kichwani kesho yake tu, wakati mwenye fluoksetini anaweza kukaa wiki bila kuhisi lolote. Dawa za wasiwasi na usingizi za jamii ya diazepamu zikikatwa ghafla kwa aliyezizoea zinaweza kuleta degedege. Ijumaa jioni mfamasia anapomwambia mtu "cheti chako kimeisha muda, mrudie daktari Jumatatu", inategemea ni dawa ipi. Kwa moja ni usumbufu, kwa nyingine ni dharura.

Tatu, na hili ndilo linanisumbua zaidi, dawa ikiwa mateka, mazungumzo huharibika. Nimewahi kumsikia mama mmoja kwenye benchi la kungojea akimwambia mwanawe kwa sauti ya chini: "Ukiulizwa sema unalala vizuri, tusije tukaambiwa turudi tena wiki ijayo." Hakuwa mjinga mama yule. Alikuwa ameuelewa mfumo vizuri kabisa. Jibu la kweli lilikuwa na gharama na jibu la uongo lilikuwa na zawadi, kwa hiyo alimfundisha kijana wake kuchagua kwa busara. Daktari aliyefuata aliandika kwenye faili "usingizi mzuri" na akaendelea na dozi ileile. Kila mtu pale alipata alichokijia isipokuwa uchunguzi.

Kuna hoja moja ya kupunguza vidonge ambayo naikubali bila kusitasita, nayo ni usalama. Baadhi ya dawa, hasa zile za zamani za sonona kama amitriptilini, na lithiamu pia, zinaua zikimezwa nyingi kwa pamoja. Kumkabidhi za miezi mitatu mtu aliyetoka kujaribu kujiua si ukarimu. Dawa zenye uraibu nazo zina sheria zake: Marekani, cheti cha methilfenideti, dawa ya wanaoshindwa kutulia na kumakinika, hakiruhusiwi kurudiwa, kila mara huandikwa kipya, na cha dawa kama diazepamu hurudiwa mara 5 tu ndani ya miezi 6. Lakini tazama tiba ya hatari hiyo inataka nini. Inataka vidonge vichache kwa kila mkono, haitaki miadi mingi. Mtu anaweza kuchukua za wiki moja kwa mfamasia kila Jumatatu, au ndugu akakubaliana naye kuzitunza, wakati uchunguzi wa daktari unabaki kwenye ratiba yake. Na sharti hilo liwe na mwisho unaotajwa. Mtu aliyewekewa dozi za wiki moja wakati wa dhiki asikutwe bado anazifuata miaka minne baadaye kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifuta agizo.

Kuhusu miadi ya simu na video iliyoenea tangu janga la 2020, sina mengi. Inafaa sana kwa mazungumzo, kwa kusikiliza maudhi ya dawa, kwa aliye mbali na kwa aliyechoka kuonekana kwenye korido. Haiwezi kupima presha, wala kuukunja mkono wa mgonjwa kusikia kama umekakamaa. Kliniki inayofanya miadi yote kwa simu imeamua kutofanya nusu ya uchunguzi, hata kama haijasema.

Sehemu inayosahaulika katika ubishi wote ni kuacha dawa. Tukitenganisha kazi hizi mbili, wenye hofu watasema watu watameza vidonge milele bila kuulizwa. Hofu hiyo ni halali, ila mfumo wa sasa tayari unafanya hivyo. Miongozo mingi hutaka mtu aliyepata nafuu ya sonona aendelee na dawa kwa angalau miezi 6, kisha wazungumze. Mara ngapi mazungumzo hayo hufanyika? Saini ya kurudia dawa ni ya haraka, na swali "bado tunaihitaji?" linakula nusu saa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha kwa nini swali hilo linastahili nusu saa hiyo. Ulihusu watu waliokuwa wametumia dawa za sonona kwa muda mrefu na kujisikia tayari kuziacha. Ndani ya wiki 52, sonona iliwarudia asilimia 56 ya walioachishwa taratibu, na asilimia 39 ya walioendelea. Kila upande hupenda kunukuu namba moja tu. Zikisomwa pamoja, zinasema kwamba kuacha kuna hatari halisi, na pia kwamba zaidi ya asilimia 40 ya walioacha walimaliza mwaka bila kurudiwa. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu aliyebakiza dakika tatu na foleni nje ya mlango, wala na mgonjwa peke yake anayeacha kimyakimya siku vidonge vilipokwisha.

Kwa mgonjwa, mabadiliko haya yanaanza na kadi yenye tarehe mbili: ya dawa, na ya uchunguzi. Pakiti ikibakiwa na vidonge vya siku 7, ndio wakati wa kuomba nyingine, maana daktari anaweza kuwa likizo na duka linaweza kuishiwa. Swali la kuuliza siku ya kwanza ni moja: nikikosa dozi, nifanye nini kwa dawa hii hasa, na baada ya siku ngapi nisianze tena bila kupiga simu? Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Kidonge kikibadilika rangi au umbo, mfamasia aulizwe kabla ya kumezwa. Mara nyingi ni dawa ileile ya kiwanda kingine, lakini si kila mara. Na vidonge vilivyobaki vipelekwe kliniki jinsi vilivyo. Vidonge 11 vilivyosalia kwenye pakiti iliyopaswa kuwa tupu si ushahidi wa mashtaka. Vinamwambia daktari kwamba dozi ya jioni inamlaza mtu mpaka saa nne asubuhi, au kwamba dawa "haikufanya kazi" kwa sababu haikufika tumboni, na mojawapo ya majibu hayo huokoa miezi ya kubadilishabadilisha dozi.

Kwa kliniki, kazi ni ngumu zaidi. Nesi anaweza kupima uzito, kiuno na presha na kujaza fomu kabla ya daktari. Mfamasia anaweza kupewa mamlaka ya kuendeleza dawa kwa wiki kadhaa pale miadi inapokosekana. Kipimo kikikosekana, kifuatiliwe kipimo. Mgonjwa apigiwe simu, apewe dawa za siku chache za kuvukia, na daktari aamue kwa kupima hatari ya kuendelea dhidi ya hatari ya kukatisha, ambazo kwa klozapini zote ni nzito. Tatizo ni kwamba kufuli lilikuwa na sifa moja ambayo watetezi wa uhuru hawapaswi kuipuuza: lilikuwa halisahau. Mtu asiyeleta majibu ya damu alijulikana siku hiyohiyo, hata kama namna ya kumjua ilikuwa ya kikatili. Kufuli likiondolewa, bado lazima awepo wa kugundua kwamba mgonjwa fulani hajapimwa tangu mwezi juzi. Anaweza kuwa nesi au mfamasia, anaweza kuwa karani wa kliniki, mradi hilo liwe jukumu lake. Jina la mtu huyo liandikwe kwenye faili kabla mgonjwa hajaondoka na dozi ya kwanza, pamoja na namba ya simu ya nyumbani na siku atakayopiga majibu yakichelewa.